Kuzoea Kuchekwa

Tarehe kumi na mbili Februari nilimpoteza dada yangu. Alikuwa mkubwa wangu, tumetoka tumbo moja, na meza ya mboga pale sokoni ilikuwa yetu sisi wawili. Yeye aliita wateja, mimi nilifunga mafungu. Mgawanyo huo hatukuupanga. Ulijipanga wenyewe tangu tukiwa wasichana tunashusha kabichi na karoti kutoka mlimani hadi Bigwa, yeye mbele anasalimiana na kila anayepandisha, mimi nyuma naangalia nisiteleze.

Kwa hiyo alipofariki nilibaki na mikono inayojua kazi na mdomo usiojua. Mteja akisimama mwenyewe, nilimhudumia. Akipita, nilimwacha apite. Wenzangu wa meza za jirani walidhani ni majonzi, na majonzi yalikuwepo kweli, lakini hata kabla ya msiba sikuwahi kusema neno mbele ya watu wanaozidi wale wa sebuleni kwetu. Niliishia darasa la saba, na katika miaka yote ile ya shule nakumbuka nilinyoosha mkono kwa hiari yangu siku moja tu, kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Siku ya kuanua tanga watu wakiwa wamejaa uani, mjomba wetu alisimama. Kwetu Waluguru mjomba, kaka wa mama, ndiye mwenye kauli katika mambo ya ukoo, na huyu wetu hata watoto wetu humwita mjomba. Akasema, "Sasa mdogo wa marehemu atusaidie neno la shukrani kwa majirani zetu."

Nikasimama. Nikashika ncha ya kanga nikaiweka mdomoni. Niliona viatu vingi, vikanitazama. Maneno niliyokuwa nayo ni mawili tu, "ahsanteni sana", na hata hayo hayakutoka. Uani pakawa kimya mpaka nikasikia kuku wa jirani akiparua.

"Mwacheni, betri imeisha," mtu akasema kutoka upande wa jikoni, na ua mzima ukacheka.

Aliyesema ni mtani wetu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na katika misiba yetu ana ruhusa ya kusema lolote bila mtu kumnunia. Ruhusa hiyo aliitumia yote. Siku ya mazishi alijilaza kizingitini akakataa jeneza lipite mpaka apewe soda, tena baridi, na mimi niliyekuwa nimelia tangu alfajiri nilijikuta nacheka. Ndiyo kazi ya mtani. Lakini ile ya betri iliniingia mahali pengine. Niliketi, mjomba akashukuru kwa niaba yangu, na nikajiambia kwamba sitasimama tena mbele ya watu mpaka siku watakayonibeba kwenda makaburini.

Miezi michache baadaye binti wa dada yangu akaja Bigwa akiwa na mkate na habari. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna neno jingine, kwa hiyo namwita mwanangu. Mwanangu alikuwa ameposwa. Mahari ilishazungumzwa. Kulikuwa na sendofu mwezi wa kumi, ile sherehe ya kumuaga binti, na upande wa mwanaume ungekuja wote.

"Mama mdogo," akasema, "kuna sehemu ya mama. Mama anasimama, anatambulisha ndugu, anamuusia binti. Nataka usimame wewe."

"Shangazi yako yupo."

"Shangazi atasema sehemu yake."

Huyo shangazi yake, dada wa baba, ni mwalimu mstaafu, mtu mwema sana, ambaye akipewa kipaza sauti hukirudisha kwa kunyang'anywa. Nikamwambia mwanangu kwamba shangazi anaweza kusema sehemu zote mbili na bado akabaki na maneno.

"Yeye ni upande wa baba," akasema. "Pale panasimama mama. Kama huwezi, mama, sikulazimishi. Nitamwambia mshereheshaji aruke."

"Aruke vipi?"

"Aruke. Atasema baba, atasema shangazi, halafu chakula."

Alisema kwa upole, bila kunitega. Ndiyo maana iliniuma. Nilipata picha ya wakwe wamekaa, mshereheshaji anasoma ratiba, na mahali pa dada yangu panapitwa kama kituo ambacho hakuna anayeshuka. Nikasema nitasimama. Tangu siku ile moyo ukaanza kunidunda bila sababu, hata nikiwa nachambua mchicha.

Nilikwenda hospitali nikidhani ni presha. Daktari akapima, akapima tena, akasema moyo ni mzima. "Mama, kuna kitu unakiogopa?"

Mimi sijui kusema uongo kwa mtu aliyevaa koti jeupe. "Naogopa sherehe," nikasema.

Akacheka, akaomba radhi, akanielekeza kwa mshauri.

Mshauri alikuwa msichana tu, umri wa mwanangu, kwenye chumba chenye feni na madirisha ya kuangalia mlimani. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba hofu ya namna yangu haiondoki kwa kuambiwa iondoke. Unaiendea, kidogo kidogo, mwili wako ujionee wenyewe.

"Kama mbuzi anavyozoeshwa kamba?" nikauliza.

"Karibu na hapo, mama. Ila hapa kamba unaishika mwenyewe."

Tukaanza. Wiki ya kwanza nilisimama nikajitambulisha kwake yeye peke yake. Baadaye akamwita muuguzi. Baadaye muuguzi akaja na wenzake, na mama wa usafi na ndoo yake. Nilisimama nikasema, "Mimi ni mama mdogo wa binti anayeolewa," na wote wakaitikia kwa vichwa, wakatabasamu, wakapiga makofi. "Hongera mama! Umeweza!" Nikatoka pale najiona mtu wa redio.

Basi nikajaribu kwenye kikundi chetu cha akina mama Bigwa. Nilitakiwa kusema tu kwamba mkutano ujao utakuwa nyumbani kwangu. Nikasimama. Kanga mdomoni. Viatu vile vile. Mama mmoja akakohoa, mimi nikasikia amecheka, nikasema nimeacha maharage jikoni, nikatoka. Nyumbani hakukuwa na maharage. Hata moto haukuwashwa.

Nilirudi kwa mshauri nikitegemea kufukuzwa. Nikamweleza, hata la maharage. Hakunifukuza. Alizungusha kalamu, kisha akauliza, "Pale kikundini, ulikuwa unaogopa nini hasa kitokee? Usiseme hofu. Sema kitu chenyewe."

"Kuchekwa."

"Hapa kwangu umewahi kuchekwa?"

"Hapana. Watu wenu wana adabu sana."

Akaweka kalamu chini. "Basi hapo ndipo nilipokosea, mama. Nimekuwa nakuletea watu wa kukupigia makofi. Wewe huogopi makofi."

Kisha akauliza habari ya kanga. Alikuwa ameiona kila nilipokuwa nasimama, ncha mdomoni. Akauliza pia kwa nini natazama feni. Nikamwambia feni haina macho. Na kwa kuwa tulishafika huko nikamwambia na lile ambalo hakuliona, kwamba kila nikija kwake naweka kipande cha tangawizi chini ya ulimi, jirani aliniambia kinafungua koo.

"Sasa ukimaliza salama," akasema, "moyoni unamshukuru nani?"

Nikafikiri kwa haki. "Tangawizi."

Alicheka mpaka akavua miwani, nami nikacheka. "Unaona? Moyo wako haujajifunza kwamba wewe unaweza. Umejifunza kwamba tangawizi inaweza."

Siku ile tukapanga upya. Kanga ibaki begani au mkobani. Tangawizi ibaki kwenye chai. Macho yatafute sura za watu. Kabla ya kusimama niseme kwa mdomo wangu, wazi, ni jambo gani naamini litatokea. Nikimaliza niulizwe kama limetokea. Nisisubiri moyo utulie ndipo nianze, nianze nao ukidunda. Na nisifanyie mahali pamoja tu, maana sherehe haitafanyika kwenye chumba cha feni.

"Halafu tunahitaji watu wa kukucheka," akasema, na hapo akakwama. "Nitawatoa wapi? Nikimwambia muuguzi amcheke mgonjwa, atafukuzwa kazi, na mimi pamoja naye."

Mdomo wangu, ambao huwa haufunguki ukitakiwa, ukafunguka bila kutakiwa. "Yupo mtu."

"Nani?"

"Mtani wetu."

Nilimweleza habari ya betri. Akaniuliza kama niko tayari, kwa sababu hatanilazimisha. Nikamwambia siko tayari, lakini sherehe ni mwezi wa kumi.

Mtani wetu anakaanga mihogo kando ya barabara ya Bigwa. Nilimkuta anageuza mihogo kwenye karai, moshi umemvaa kama nguo.

"Karibu, mfiwa usiyesema," akasema.

"Nimekuja na shida."

"Mwenye shida huongea. Wewe utaionyesha kwa vidole?"

"Nataka unicheke."

Akaacha kugeuza. "Si nakucheka kila siku, tena bure?"

"Nataka unicheke mbele za watu, mimi nikiwa nimesimama nasema. Mpaka nizoee. Nina sendofu ya mwanetu, nasimama mahali pa dada."

Alipanga vipande vya mihogo kwenye sinia, taratibu, akanyunyiza chumvi na pilipili. Dada yangu na yeye walikuwa wakitukanana tangu utotoni, na tangu Februari hakuwa na wa kumjibu. "Kwa hiyo hospitali nzima imekushindwa," akasema hatimaye, "wakaniita mimi."

"Mshauri ndiye aliyesema atafutwe mtu."

"Huyo mshauri ana mshahara?"

"Anao."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtani."

"Haya. Tumeonewa tena." Akanipa muhogo. "Njoo kesho saa kumi, wateja wakiwa wengi. Na uoge, nisikucheke kwa mambo mawili."

Kesho yake mshauri alikuja kwa bodaboda, akasimama pembeni kama mteja. Mtani akaichukua kanga yangu ya mabegani, akaikalia. Nikamnong'oneza mshauri ninachokiamini: watacheka, hawatanyamaza, nitaanguka. Nikasimama kando ya karai.

"Mimi ni mama mdogo wa binti anayeolewa," nikaanza.

"Jamani sogeeni!" mtani akapaza sauti. "Ndugu yenu anasema kwa siri!"

Wateja wakageuka. Nikarudia.

"Anasema ni mama mdogo," akawatafsiria. "Kwa umbo tunaona ni mama mkubwa, lakini tumwache."

Wakacheka. Nilikuwa nimeutayarisha mwili wangu kuanguka. Nilitazama hata mahali pa kuangukia, nikaona maji ya mihogo na matope, nikaamua hapana. Kwa hiyo nikabaki nimesimama, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani kwa kuwa kila mara nilikuwa nakimbia katikati: kicheko huisha. Hupanda, hufika juu, halafu hushuka chenyewe kama maziwa yaliyoepuliwa. Watu wakarudia mihogo yao. Mmoja akaniuliza, mdomo umejaa, "Kwa hiyo mama, anaolewa wapi?"

"Wamecheka?" mshauri akaniuliza baadaye.

"Wamecheka."

"Wamenyamaza?"

"Wamenyamaza."

"Umeanguka?"

"Palikuwa na matope."

Nisiseme kwamba tangu hapo ilikuwa mteremko. Kuna siku nilikwenda sokoni nikajaribu kuita wateja peke yangu, sauti ikatoka nyembamba mpaka jirani wa meza akaniuliza kama nina kwikwi. Kuna siku nilimkuta mtani anaumwa jino, ananicheka kwa huzuni, haikusaidia kitu. Na kuna wiki nzima ambayo sikwenda popote, nilikaa nyumbani na nguo za dada ambazo bado hazijagawiwa. Mshauri hakunikaripia. Alisema njia hii si ngazi ya nyumba, mtu anaweza kupanda leo na kesho akaanzia chini, bora mahali pabadilike na watu wabadilike.

Mahali palipobadilika kuliko pote ni Msamvu, kwenye stendi ya mabasi. Wote mmeona wale wanaopanda kwenye mabasi ya mikoani kabla hayajaondoka, wakasimama mbele na kueleza dawa ya minyoo na ya mgongo. Mtani ndiye aliyetoa wazo. Mshauri akalipenda kupita kiasi. Nikajikuta kwenye basi la Dodoma, nimeshika fungu la karoti, kondakta ameturuhusu kwa sharti kwamba tusichelewe kushuka. Mtani alishapanda mbele yangu, akakaa siti ya nyuma kabisa kama abiria. Nilichoamini siku ile nilimwambia mshauri pale chini: watanizomea mpaka basi liondoke nami ndani.

"Shikamooni wakubwa," nikasema, "na wadogo hamjambo. Nina karoti za Uluguru."

Wengine waliitikia. Wengine waliendelea na simu zao. Hilo nalo lilinishangaza, kwamba unaweza kusimama mbele ya watu ukitetemeka na nusu yao wasijue kama upo.

"Mama!" mtani akaita kutoka nyuma. "Hizo karoti zina tiketi?"

Basi likaamka. "Na zikae dirishani!" akasema kijana mmoja. "Zisije zikatapika!" akasema mwingine. Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha mihogo, na sikuwajua hata mmoja wao. Nikasubiri. Mikono ilitetemeka hadi majani ya karoti yakawa yanapepea, na mzee wa siti ya mbele akasema, "Tazama, mbichi kweli, bado zinatingishwa na upepo," wakacheka upya. Kilipoisha nikasema, "Zina tiketi. Zinashukia Gairo." Haikuwa na maana yoyote, ila ilikuwa yangu, na walicheka kwa niliyosema, siyo kwa nilivyo. Nikauza fungu lile kwa mzee wa mbele. Nilishuka, mtani nyuma yangu akilalamika kwamba siti ilikuwa nzuri, bora angekwenda zake Dodoma.

Siku ya sherehe ilifika. Ukumbi ulikuwa Kihonda, taa za rangi, vitambaa kwenye viti, sisi wa upande wa mama tumeshona kitenge cha kijani. Mkoba wangu wenye kanga ndani nilimpa mke wa mjomba aushike, na nilimwambia asinipe hata nikimwomba. Mshauri sikumwalika, yeye mwenyewe alisema asiwepo, nisije nikamgeuza tangawizi. Mtani alikuja na watani wenzake, wakajaza meza ya mwisho kabisa karibu na mlango.

Baba wa binti alisema machache. Shangazi alisema mengi. Kisha mshereheshaji akatangaza, "Sasa namkaribisha mama mzazi... samahani, mama mdogo, kwa niaba ya mama."

Nikaenda. Sitaki kudanganya: hofu ilikuwepo yote, haikupungua hata robo. Kilichopungua ni haraka ya kuikimbia. Nikatafuta sura, nikampata mama mmoja wa ukweni mwenye miwani, nikaanza naye. Nikatambulisha mama wakubwa, mama wadogo, dada za binti, kaka zake, majirani wa Bigwa. Nikashukuru, nikamgeukia binti.

"Mjomba mmemuuza?" ikatoka sauti mezani kwa watani.

Nilikuwa nimemruka mjomba. Kwa Mluguru, kutambulisha upande wa mama ukamwacha mjomba ni sawa na kufungisha ndoa ukamsahau bwana harusi. Alikuwa amekaa mbele kabisa, koti jipya, baraghashia, mikono magotini, anangoja. Ukumbi mzima ukacheka, wakwe na wahudumu, hata mpiga picha akashusha kamera. Kila nilichokuwa nakiogopa tangu Februari kilikuwa kimetokea, na kosa lilikuwa langu kweli.

Nikasubiri. Kikapanda. Kikashuka.

"Hatujamuuza," nikasema kwenye kipaza sauti. "Tulikosa mteja."

Sikujua kwamba ukumbi unaweza kupiga kelele kiasi kile. Mjomba akasimama, akavua baraghashia, akainama kulia na kushoto kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nikamuusia mwanangu niliyopanga kumuusia, heshima, subira, asiache kuja nyumbani, nikarudisha kipaza sauti. Makofi. Nikakaa. Mke wa mjomba akanifinya paja kwa furaha.

Ndipo nikamtazama mwanangu pale jukwaani. Alikuwa anatabasamu, lakini anatazama kama mtu aliyeletewa mzigo akaukuta hauna kitu kimoja. Na nilikijua. Nilikuwa nimetaja watu wote mpaka majirani, na mama yake sikumtaja. Haikuwa bahati mbaya kama ya mjomba. Nilimtoa mwenyewe kwenye maneno yangu nilipokuwa najizoeza nyumbani, kwa kuwa kila nikifika kwake nililia. Hata mshauri sikumwambia. Tulishughulikia kuchekwa, habari ya kulia mbele za watu niliificha.

Mshereheshaji alishaanza kuita meza kwa meza kwenda kwenye chakula. Vifuniko vilishafunuliwa, harufu ya pilau ikaja. Nikasimama pale pale nilipokuwa, bila kipaza sauti.

"Samahani," nikasema. "Sijamaliza."

"Mama, chakula kimeshafunguliwa," mshereheshaji akasema kwa adabu.

"Kisubiri."

Waliokuwa wameshainuka wakakaa. Nikasema, "Aliyetakiwa kusimama hapa ni dada yangu." Basi. Hapo machozi yakaja yote kwa pamoja, na nikabaki nimesimama katikati ya ukumbi nalia kama mtoto, sina kanga ya kujifutia. Kimya kilikuwa kile kile cha siku ya kuanua tanga. Nilitaka kukaa. Sikukaa, kwa sababu mwanangu alikuwa amesimama naye.

"Lia kwa sauti!" mtani akaita kutoka mlangoni. "Huku nyuma hatusikii!"

Wakwe walishtuka. Nilimwona mama wa miwani ameshika kifua, na jirani yake akimweleza haraka haraka, "Ni mtani, ni mtani." Upande wetu wakaanza kucheka, na mimi nikacheka machozi yakiwa bado yanatoka, na ukweli ni kwamba sauti yake mwenyewe mtani ilikuwa imekatika pale mwishoni. Nikasubiri vyote viwili, kicheko na kilio. Kilio kilichukua muda mrefu zaidi.

"Mwanangu," nikasema, kwa nguvu ili wa nyuma wasikie, "mama yako angesema vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa nafunga mafungu tu. Lakini nilikuwa pembeni yake kila siku, na niliona. Kila siku kabla hajaanza kuuza alikuwa anatoa karoti nyembamba anakuwekea, kwa sababu ulipokuwa mdogo ulikataa kula nene, ulisema zinafanana na pua ya mjomba. Umekuwa mtu mzima, una kazi, unaishi kwako, bado alikuwa anaziweka. Hakuwahi kuuza karoti nyembamba hata siku moja. Wateja walidhani hazioti."

Mjomba akashika pua. Watu wakacheka na wengine wakawa wanajifuta.

"Na ninyi wakwe," nikasema, "sasa mmejua anazokula."

Nilikuwa na jingine la kusema, nikalisahau, nikakaa. Mwanangu akashuka jukwaani nje ya ratiba, na viatu vyake vile virefu, akaja akanikumbatia. Poda yake ilibaki kwenye kitenge changu, na mshereheshaji akaiacha ratiba yake, akaweka muziki.

Tulikaa vile mpaka meza zote zikawa zimeitwa. Nilipofika kwenye foleni, kuku walikuwa wamekwisha. Nilikula pilau na kachumbari.